Foleni za Disney World na watoto, mnafanyaje muda uende?

mama_wawili_HTX
Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba Mungu akipenda tunashuka Orlando na watoto, mmoja ana 9 mwingine 5. Kinachoniumiza kichwa ni foleni. Mwaka jana tuliwapeleka kwenye bustani moja ya michezo huku huku Texas, saa nzima na robo juani, nikawapa simu wachezee gemu ikazima kabla hatujafika hata kivulini, huyu mdogo akagoma akajilaza chini watu wanamruka kama gogo. Kufika mbele akapimwa urefu, hajafika. Nililia mimi. Wazoefu nisaidieni, na tafadhali msiniambie ninunue ile ya kulipia ya kupita fasta, bajeti imebana.

mzee_wa_theluji
Pole sana dada. Urefu wapime nyumbani kabisa, ile treni ya mlima wa bandia Expedition Everest na ile Flight of Passage ya Avatar zote zinataka inchi 44. Mdogo akiwa hajafika omba Rider Switch pale mlangoni, yaani baba anapanga foleni na mkubwa, wewe unabaki nje na mdogo mnakula aiskrimu, wakitoka nawe unaingia bila kupanga upya. Vitafunwa ruhusa kuingia navyo (sisi tulibeba kashata na maandazi), na maji ya barafu unapewa bure kaunta za chakula ukiomba.

Simu pakua Play Disney Parks, ina vigemu vya foleni, ila usianze nayo, anza na mdomo. Sisi vitendawili vilitupeleka foleni yote ya Peter Pan. Kuku wangu katagia miibani, wangu hawajawahi kuona nanasi likiwa shambani wakabaki wameduwaa, nikawaambia nipeni mji, nikapewa Minneapolis nzima na ziwa lake 😂

Mchaga_Halisi
Mimi mtu wa Moshi nilipanga foleni ya Kilimanjaro Safaris, yale magari ya kuzungukia wanyama, nikasubiri mlima nikauona wa Everest 🤣🤣 Ila dada Animal Kingdom, ile bustani ya wanyama ya Disney World, nendeni, kile kijiji chao cha Harambe kimejaa mabango ya Kiswahili. Nilimwambia binti yangu kila neno atakalosoma na kunipa maana nampa senti 25. Tamu Tamu kapata, Kusafiri kapata, tukafika Dawa Bar akasema baba hapa panauzwa Panadol. Nikamlipa tu. Safari yenyewe iwahini asubuhi, jua likikaza simba wamelala.

nyar_kisumu254
@Mchaga_Halisi huyo mtoto hajakosea bana, dawa ya Nairobi ni vodka, asali na ndimu, watu wanajitibu nayo kila Ijumaa. Mama wawili mi nasema wape kazi: mkubwa ashike saa aone kama dakika zilizoandikwa hapo nje ni za ukweli, mdogo ahesabu watu wenye yale masikio ya Mickey. Wangu alihesabu mpaka 140 akaanza kubishana na mzungu mmoja kama ya kwake ni masikio ama ni ribon.

mama_wawili_HTX
Asanteni jamani, mmenipa moyo. Jana usiku nimejaribu vitendawili mezani. Nyumba yangu haina mlango, mkubwa kasema hema, mdogo kasema jela, kumbe ni yai na liko kwenye sahani yake! Nikamwambia nipe mji. Kanipa Dallas. Nikasema Dallas siitaki ongeza, akanipa Tanga, na bibi yake akiwa ndani.