Kaitemea mate medali ya babu yangu, na mnamjua!

Wakuu, natoka kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji. Yule wa meza ya sarafu, mwenye lenzi shingoni, ameshawaliza wengi humu.

Nilimpelekea medali ya fedha ya babu. Mwaka 1969 babu alitoka Bukoba kwenda Uganda kumwona Papa Paulo VI, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika, akarudi nayo. Upande mmoja Papa, upande wa pili Karoli Lwanga na wenzake, wale mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu 1964. Nilitaka kujua bei tu. Jamaa akaitemea mate. AKAITEMEA MATE! Kisha akachomoa stilwaya ya kusugulia masufuria, akasugua mpaka meza ikacheza ngoma.

"Nakung'arishia, mzee wangu."

Nani kakutuma? Ule weusi ndio umri wake! Fedha huushika polepole kwa salfa ya hewani. Miaka hamsini na ushee imeondoka kwa dakika moja. Pua ya Papa imebaki laini kama sabuni ya gesti. Lwanga alichomwa moto Namugongo 3 Juni 1886, leo kaja kumalizwa kwa stilwaya! Halafu jitu linaniambia, "Sasa ina mikwaruzo, chukua elfu kumi."

Mate, wakuu. Juu ya mashahidi.

Kobe Mzee: Uzi bila picha ni hadithi.

Shangazi wa Ilala: Pole. Ila wakati anasugua, wewe mikono yako ilikuwa wapi?

Mleta uzi: Nilipigwa butwaa! Mtu katema mate!

Shangazi wa Ilala: Mate tumeyasikia, baba. Mikono je?

Pwani Moja: Bora mate yanafutika. Mimi riyale yangu ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, ya 1299 Hijria, sonara kaitoboa iwe kidani cha mkewe. Tundu limepita kwenye jina la Sultani!

Kobe Mzee: 1299 ni 1882 hiyo. Una uhakika si feki?

Pwani Moja: Feki wewe na ukoo wako.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye medali.

Dogo Msaka Chenji: Shilingi 20 ya Mwinyi, yenye tembo na mwanawe, nani anayo?

Shangazi wa Ilala: Ninazo tatu. Sijazisugua. Njoo pm.