Filta inaziba kila wiki tangu nianze bayodizeli ya kujitengenezea, naomba ushauri

Mwendo_Mrefu
Wakuu, salaam. Nina lori la zamani, injini ya dizeli yenye pampu ya kawaida isiyo na mambo ya kompyuta. Miezi minne iliyopita nilianza kujitengenezea bayodizeli kwa mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika. Nayachuja, nayapasha moto, nachanganya na methanoli na kostiki soda, naacha glisirini itulie chini usiku kucha, asubuhi naosha kwa maji na kujaza tangi. Mwanzoni nilifurahi mno: moshi mweusi ulipungua na mlio wa injini ukatulia.

Sasa nikipanda mlima na mzigo nguvu inakatika polepole, kama kuna mtu anaminya paipu ya mafuta. Nikibadilisha filta linapona, baada ya siku sita au saba yale yale. Juzi nimeona pia mpira unaorudisha mafuta tangini umevimba na unatoka jasho. Kila fundi ninayemuuliza ananiambia niachane na mambo haya. Sitaki kuacha. Nakosea wapi?

Fundi_Nozeli
Pole ndugu. Filta mbili tatu za mwanzo kuziba ni kawaida, kwa sababu bayodizeli inayeyusha: mashapo yaliyoganda kwenye kuta za tangi miaka yote inayabandua na kuyasukuma mbele. Lakini kila wiki, mwezi wa nne? Hapana, hiyo si tangi tena.

Filta ya mwisho usiitupe. Ikate kwa msumeno, kunjua karatasi yake mchana kweupe, utuambie umeona nini. Weusi mtupu ni uchafu wa zamani. Utando mweupe unaoteleza ni sabuni na maji. Kitu kama nta kinachoyeyuka ukikipasha moto, hapo ni baridi iliyogandisha mafuta.

Mpira huo ubadilishe leo, usingoje upasuke juu ya ekzosi ya moto. Raba ya kawaida inalainika na kuvimba kwa bayodizeli safi. Tafuta ya Viton, raba maalumu inayostahimili mafuta haya.

Mwendo_Mrefu
Nimeikata. Mikunjo yote ina utando wa rangi ya maziwa, ukiupapasa unateleza kama kipande cha sabuni kilicholala kwenye maji. Nimetumbukiza karatasi kidogo kwenye maji ya moto na kutikisa, yametoa povu. Weusi upo chini tu.

Mama_Maabara
Povu hilo limeshajibu nusu ya swali. Kostiki unapimaje, kaka?

Mwendo_Mrefu
Gramu 5 kwa kila lita, siku zote, dada.

Mama_Maabara
Basi tumefika. Mafuta yaliyokaangia sana yana asidi nyingi, na asidi hiyo inakula kostiki na kuigeuza sabuni kabla kazi yenyewe haijaisha. Yaliyotumika kidogo yanahitaji pungufu ya gramu 5, na ile inayozidi nayo inakuletea sabuni. Kipimo kimoja hakiwezi kufaa mafuta yote.

Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Chukua mililita 1 ya mafuta yako, changanya na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthaleini, dawa ya maabara inayobadilika rangi. Dondoshea yale maji ya kostiki kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka rangi ya waridi ibaki bila kupotea kwa nusu dakika. Zimetumika mililita 3? Jumlisha na 3.5, kiasi ambacho hata mafuta mapya yanahitaji, basi mafuta hayo yanataka gramu 6.5 kwa lita. Methanoli mililita 200 kwa lita, joto karibu nyuzi 55, lisifike 65 kwa kuwa hapo methanoli inachemka. Mafuta yenyewe yawe makavu kabisa kabla ya kostiki kuyagusa.

Kisha pima kama kazi imekamilika: mililita 3 za bayodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, acha. Ikizama tabaka ya mafuta chini, bado kuna mafuta ambayo hayajageuka.

Na kuna jambo umelipita haraka sana. Umesema unaosha halafu unajaza tangi. Unakausha lini? Bayodizeli iliyotoka kuoshwa imebeba maji, hata kama yametuama. Ipashe moto ikiwa wazi, izungushe kwa pampu, mpaka ikipoa uweze kusoma gazeti kupitia chupa yake. Ikiwa na ukungu, haijakauka.

Kaka yangu, methanoli inapofusha na inaua. Inapita hata kwenye ngozi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Fanyia kazi nje, vaa glavu na miwani, na usiipashe kamwe kwa moto wa wazi.

Fundi_Nozeli
Mkuu, unahifadhi kwenye nini?

Mwendo_Mrefu
Pipa la mabati, lina bomba la shaba.

Fundi_Nozeli
Toa vyote viwili. Zinki iliyopakwa kwenye mabati, na shaba, vinaiharibu bayodizeli na kuleta mashapo. Plastiki ngumu au chuma cha pua, lijae, lifungwe. Isikae zaidi ya miezi sita.

Gurudumu_Kumi
Na sisi wenye malori mapya yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi?

Fundi_Nozeli
Usizidishe kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Mengi ya hayo hupuliza mafuta ya ziada kwenye silinda ili kuunguza masizi. Bayodizeli haivukizi upesi, inateremka kwenye oili. Ukiona oili inapanda kwenye kijiti, imwage.

Mwendo_Mrefu
Narudi baada ya wiki tano. Mafuta niliyokuwa nayo yalipimwa yakataka gramu 7.5, ndiyo maana kile kipimo cha 3 kwa 27 kiliacha tabaka nene chini. Nimeyarudia yote. Sasa nakausha mpaka herufi ndogo za gazeti zinasomeka. Pipa la bati nimelitoa, mpira mpya uko mahali pake. Filta ni ile ile tangu wiki ya kwanza, na jana nimepanda mlima ule na mzigo kamili bila kushusha gia ya pili. Mama_Maabara, alkoholi ya isopropili imeniishia. Naweza kupimia kwa methanoli badala yake?

Mama_Maabara
Hapana. Methanoli haiyayeyushi mafuta vizuri, matone yatakudanganya. Subiri upate ile ile.