Vitabu vya watoto vya watu wa kweli na wanyama wa kweli: mwisho wa sokwe Flint niusome au niuruke?

MamaBaraza_Mwanga

Wanajamvi, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga. Jumamosi mchana watoto wa mtaa wetu hukusanyika barazani kwangu, wa darasa la tatu na la nne, nami huwasomea. Hadithi za sungura na fisi wanazijua zote. Siku hizi wanataka za kweli, na kila nikifika katikati lazima mmoja aulize: "Mama, hii ilitokea kweli?" Vitabu vya Kiswahili vya maisha ya watu kwa umri wao sivipati hapa mjini, kwa hiyo naandika mwenyewe. Karatasi nazikunja katikati, nazishona kwa uzi mgongoni, na binti yangu anachora.

Bibi Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, watoto walisikia redioni wakaja wananiuliza huyu bibi wa Gombe ni nani. Nikaona kitabu kinachofuata kiwe chake. Mwanzo umekwenda vizuri mno. Nimeanza na mtoto wa Uingereza aliyejificha saa kadhaa kwenye banda la kuku ili aone yai linatokea wapi, huku nyumbani wanamtafuta. Halafu tarehe 14 Julai 1960 anashuka Gombe akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake mzazi, Vanne, maana serikali ya kikoloni haikukubali msichana akakae porini peke yake. Hapo wasichana wangu walikaa sawa. Kwenda kazini na mama yako!

Kisha David Greybeard, sokwe mwenye kidevu cheupe. Novemba 1960 Jane alimwona amekaa kwenye kichuguu. Anachukua ubua wa jani, anautumbukiza kwenye tundu, anatulia, anauvuta taratibu ukiwa umejaa mchwa, anaupitisha mdomoni. Wakati mwingine alichuma kijiti chenye majani, akayapukuchua kwanza. Wataalamu wa siku hizo waliamini kutengeneza kifaa ni kazi ya binadamu peke yake. Watoto wa hapa, ambao masika wanakula kumbikumbi, hawakuhitaji maelezo. Walitoka mbio kutafuta vijiti.

Tatizo langu ni Flo. Sokwe mama mzee, masikio yamechanika, pua kubwa, mama yao Faben, Figan, Fifi na Flint. Alikufa mwaka 1972 akivuka kijito. Flint alikuwa na miaka minane, ila bado alikuwa analala kwenye kitanda kimoja na mama yake kule juu mtini. Alikaa karibu na mwili, akaacha kula, akajitenga na wenzake, na mwezi haukuisha naye akafa.

Kati ya watoto wangu wa barazani yuko wa kiume aliyefiwa na mama yake mwaka huu. Anakaa mbele kabisa, karibu na goti langu. Nisome ukurasa ule? Nikiuruka, sijawadanganya wale wanaoniuliza kila wiki kama ni kweli?

La pili: baada ya Bibi Jane nataka watu waliopita kwenye ardhi hii hii, Ujiji na Tabora. Nani? Nyerere shuleni wanafundishwa. Nataka wengine.

Kibirizi_Boti

Shikamoo mama. Mimi naendesha boti za Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini, na baba yangu mdogo alifanya kazi ya kufuatilia sokwe Gombe, kwa hiyo hizi habari nimekua nazo.

Usiruke. Ila usimwache Flint peke yake kwenye kitabu. Weka Mel kando yake. Mwaka 1987 ulipita ugonjwa wa mapafu, ukaua sokwe kadhaa, akiwemo mama yake Mel, anaitwa Miff. Mel alikuwa na miaka mitatu na kitu, mgonjwa mgonjwa, na ndugu wa kumchukua hana. Aliyemchukua ni Spindle, dume kijana wa miaka kumi na miwili ambaye si ndugu yake. Alimbeba mgongoni, akalala naye kitanda kimoja, akamgawia chakula, na madume wakubwa wakianza vurugu alikuwa anakimbia kwenda kumtoa mtoto hatarini. Na huyo Spindle naye mama yake alikufa kwenye ugonjwa ule ule. Mel akapona.

Sasa huyo kijana wako akisikia ya Flint peke yake, anaweza kuondoka akidhani anayefiwa na mama na yeye anafuata. Akisikia zote mbili atajua kilichotokea kwa wawili tofauti. Na zote ni za kweli, hujabuni kitu.

Ombi moja mama: usiwafanye sokwe wote wapole. Wanawinda mbega wekundu, wanawararua na kugawana nyama. Bibi Jane mwenyewe ndiye aliyeiona hiyo, kabla yake watu walidhani wanakula matunda tu. Watoto wa ziwani wanaona samaki wakipasuliwa kila asubuhi, hawatazimia. Na waambie mafua yetu yanawaua sokwe, ndiyo maana mtu mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia.

Mdau_wa_Hadithi

Dada, hongera kwa kazi. Mimi tatizo naliona kwingine. Umesimulia vizuri lakini hakuna anayezungumza. Mtoto wa miaka tisa bila mazungumzo anasinzia. Mpe Flo maneno, mpe Jane maneno. Hakuna atakayekushtaki.

Mwalimu_wa_Ngambo

Salaam kutoka Tabora. Mimi ni mwalimu mstaafu wa msingi, na swali la pili nimelingoja muda mrefu mtu aliulize.

Mama, waandikie Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Wageni wakija Ujiji huonyeshwa masanamu ya wazungu wawili wanavuliana kofia, msafiri Livingstone na Stanley aliyekuja kumtafuta, 1871. Basi siku ile Stanley anaingia Ujiji, aliyetoka mbio kumlaki ni Abdullah Susi. Anza hapo. Mtu anayekimbia, vumbi, watu wamejaa njiani.

James Chuma alikuwa Myao. Alikuwa mtoto tu kwenye msafara wa watumwa alipokombolewa mwaka 1861. Hebu fikiri watoto wako wakisikia hivyo, halafu wamwone mtoto huyo huyo miaka 12 baadaye. Livingstone anakufa tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Kumzika pale na kurudi makwao hakuna ambaye angewalaumu. Hawakukubali. Moyo waliuzika chini ya mti, na mwili wakaukausha juani wiki mbili. Wakauvingirisha kwa nguo, wakautia ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai juu, wakaanza safari ya kwenda pwani.

Oktoba wakafika huku kwetu, Kwihara. Tembe alimokaa Livingstone bado lipo, nimepeleka madarasa mengi pale na kila mwaka nilisimama mlangoni nikasimulia hili: Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Mbele ya safari wanakijiji wakagoma maiti isipite. Walichofanya watoto wanakipenda kuliko vyote. Wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo kama mwili wa mtu, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe, yaani huku Tabora, kana kwamba wanakwenda kuzika. Porini wale wakayatupa mabua, wakarudi usiku kimya kimya. Maiti yenyewe wakaifunga upya ionekane robota la nguo, ikapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Maziko yalikuwa London tarehe 18 Aprili, na Susi na Chuma hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye. Hilo usiwafiche watoto. Mimi linaniuma mpaka leo.

Kwa wasichana wako yuko Halima, mpishi. Siku Stanley alipofika, Halima alihangaika jikoni akihofu chakula hakitamtosha mgeni. Na alikuwemo kwenye msafara ule wa maiti. Yuko pia Sidi Mubarak Bombay, aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi huru. Alifika Ujiji na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke mwaka 1858, akarudi tena na Stanley, kisha akalivuka bara zima na Cameron mpaka Atlantiki. Mtu mmoja! Huyo mfanyie kitabu chake peke yake.

Ndugu Mdau, kuhusu mazungumzo sikubaliani nawe. Ukimpa Flo maneno, umemgeuza sungura wa hadithi, na mtoto aliyeuliza kama ni kweli atakuwa amejibiwa uongo. Mazungumzo yapo, yatafute kwa waliokuwepo. Susi na Chuma waliulizwa safari yao hatua kwa hatua, na maelezo yao yakachapishwa pamoja na shajara za mwisho za Livingstone.

Mdau_wa_Hadithi

Mwalimu, habari ya mabua imenitosha, pale hapahitaji maneno. Kwa Bombay bado nasema mtoto lazima asikie mtu akisema kitu.

MamaBaraza_Mwanga

Mwalimu, shikamoo. Kijana wangu wa Kibirizi, Mungu akubariki. Mel sikuwa namjua kabisa.

Nimeamua hivi. Flint nitamsoma, na Mel na Spindle kurasa zinazofuata, kwenye kikao kile kile, wasiende nyumbani katikati. Kabla ya Jumamosi nitakwenda kwa shangazi anayemlea yule mtoto, nimsomee yeye kwanza. Akisema bado mapema, kitangoja. Na nitaongeza kwamba Fifi, dada yake Flint, aliishi miaka mingi baada ya mama yao akazaa watoto wengi, na mtoto wake wa kwanza, Freud, alizaliwa Flo akiwa bado hai. Flo alimwona mjukuu.

Ndugu Mdau, mtu wangu atasema pale tu ambapo aliyekuwepo aliandika kwamba alisema. Kwa wanyama nitabaki na walichofanya. Spindle kumbeba mtoto asiye wake, mimi sioni maneno gani yangeongeza kitu.

Kitabu cha Susi na Chuma naanza wiki hii. Mwalimu, nitahitaji kujua tembe la Kwihara linafananaje ndani, binti yangu achore.

Mwalimu_wa_Ngambo

Marahaba mama. Kuta nene za udongo, paa bapa, mlango wa mbao uliochongwa, ua katikati. Nitakuchorea ramani ya vyumba niitume hapa.

Kibirizi_Boti

Na mama, mwambie dada anayechora: sokwe hana mkia. Watoto wadogo wana kishungi cha nywele nyeupe tu pale nyuma, na nyuso zao ni nyeupe nyeupe, zinakuwa nyeusi wakikua. Mel achorwe hivyo, Spindle uso uwe umeshaanza kuwa mweusi.