Video za kuchekesha za nyumbani: tupeane uzoefu (Goma, Bukavu, L'shi yaani Lubumbashi)

Birere, Goma (mwanzisha mada)
Wandugu, jambo. Tukusanye hapa mbinu za video za kuchekesha tunazopiga kwenye parsele (uwanja wa nyumba), ziwe za grupu ya familia au za kutafutia pesa. Sharti ni moja: usituhadithie ulivyoanza, tuambie kinachofanya kazi na kinachoharibika.

Naanza na udongo wetu. Goma tunakanyaga mawe ya volkano, na jiwe jeusi halirudishi mwanga. Saa sita mchana jua liko utosini, chini hakuna kinachong'aa, basi macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili, na kichekesho kiko machoni. Tandika shuka nyeupe mbele ya miguu yake, nje kidogo ya picha, au subiri saa kumi. Vumbi letu nalo ni chembe za mawe: puliza lenzi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha pamba. Ukifuta kabla ya kupuliza, unaichora mikwaruzo.

Kadutu, Bukavu
Mimi nasema sauti. Watu wanavumilia picha yenye giza, lakini neno lisilosikika halichekeshi mtu. Telefone ikiwa mita tatu kutoka kwa msemaji inasikia jenereta na kuku wa jirani kuliko inavyomsikia yeye. Tafuta telefone ya pili, washa programu ya kurekodi sauti, itie kwenye mfuko wa shati kichwa chini, kwa sababu maikrofoni iko karibu na tundu la chaja. Zote mbili zikishaanza kurekodi, piga kofi moja mbele ya kamera. Ukifika kwenye kuunganisha, lile kofi linaonekana kwenye sauti kama mwiba. Lipeleke kwenye fremu ambapo viganja vinagusana, umemaliza. Shati la nailoni linakwaruza, vaa pamba. Upepo wa ziwa unazuiliwa na kipande cha sponji ya godoro.

Na modi ya ndege! Mtu akipiga simu katikati ya mchezo, telefone nyingi zinakata kurekodi, na kicheko cha kwanza cha mtoto hakirudiwi.

Katuba, L'shi
Yaya wa Kadutu, kweli tupu. Ila huku kwetu adui wa sauti ni nganda (baa). Spika yake inaingia lupango (viwanja) tatu mbele, na YouTube inautambua wimbo hata ukiwa nyuma ya maneno. Mwenye wimbo anaweza kuchukua pesa yote ya matangazo ya video yako, au kuifungia. Rekodi asubuhi kabla nganda haijafunguliwa. Muziki pigeni wenyewe: bidoni tupu ya lita 20 inatosha ngoma.

Sasa ule mchezo unaoombwa kila siku, baba mmoja kuwa wawili wakigombania bukari (ugali). Geuza kasiye (kreti) tupu ya bia isimame wima, funga telefone juu kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Gusa uso kwenye kioo bila kuachilia mpaka mwanga na fokasi vifunge. Chora mstari wa chaki katikati ya meza. Piga baba akikaa kushoto, anasema maneno yake, ananyamaza na kuangalia kulia, aache nafasi ya jibu. Abadilishe shati, akae kulia, ajibu. Kwenye CapCut, programu ya kukatia video, weka video ya pili juu ya ya kwanza, chagua maski ya kugawa picha, izungushe mpaka mstari usimame wima kwenye chaki, kisha lainisha ukingo kidogo tu.

Kinachoharibu: mkono uliovuka chaki unakatika kama kisu kimepita. Kivuli vilevile. Wingu likipita kati ya upande wa kwanza na wa pili, nusu ya meza inakuwa ya njano na nusu ya buluu, hapo hakuna dawa, rudia. Na usiguse telefone: anzisha kwa kitufe cha sauti cha ekuta (spika za masikioni) za waya, au rekodi yote kwa mfululizo ukate baadaye.

Ibanda, Bukavu
Usiku, chini ya taa, video yangu inapitiwa na mistari myeusi inayopanda. Telefone imekufa?

Katuba, L'shi
Hapana, mukubwa. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde, na wewe unapiga fremu 30 kwa sekunde, 100 haigawanyiki kwa 30. Weka fremu 25, na kama kamera inakubali, kasi ya shata iwe 1/50 ya sekunde. Mwendo wa polepole chini ya taa za nyumba usijaribu kabisa. Umeme ukikatika, tochi ya telefone nyingine ikielekezwa kwenye ukuta mweupe ni nzuri kuliko balbu.

Himbi, Goma
Kukata. Papa anafunua sufuria ya bukari, anakuta kandambili. Wengi wanaanza na papa akinawa mikono, anavuta kiti, anaomba. Anza mkono ukiwa tayari kwenye kifuniko. Halafu, kifuniko kikifunguka, usiikimbilie kandambili: kaa usoni kwa papa sekunde mbili, ndipo uonyeshe ndani ya sufuria. Anayeshika kamera asicheke, kicheko chake kinafunika cha watazamaji. (Bukari ya kweli ikiwa moto, kaa sentimita 60, mvuke unatia ukungu kwenye lenzi.)

Dakika moja ya video ya 1080 inakula karibu megabaiti 130. Ukiitoa kwa 720, kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, inabaki karibu 20, mega zako zinapumua. Ya mteja itume WhatsApp kama dokima (faili), si kama video, maana video inabanwa.

Kadutu, Bukavu
Pesa sasa. YouTube inataka wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Angalia kwanza kama nchi ya akaunti yako imo kwenye orodha yao. Video inayolipa mapema ni ya kumtangaza jirani: mwenye saluni, mama wa keki. Nusu ya malipo iingie M-Pesa au Airtel Money kabla ya kurekodi, marekebisho mara moja tu, ya pili analipa.

Birere, Goma
Huku Kivu hakuna mzaha wa mlio wa risasi, wala wa nguo za kijeshi. Na tangu Nyiragongo ilipolipuka 22 Mei 2021, kupiga kelele «volkano!» si kichekesho, watu wanatoka na watoto mgongoni. Chukudu (baiskeli yetu ya mbao ya mizigo) kwenye mteremko, usimpandishe mtoto kwa ajili ya video. Mtoto akilia kwa kweli, zima.

Ibanda, Bukavu
Asante ya fremu 25, mistari imeisha. Ila nyumba ni ya mbao, mtu akitembea kasiye inatetemeka.

Katuba, L'shi
Tia mawe ndani, manne makubwa, na chini ya kila kona kipande cha kandambili ya zamani. Ile ya papa ukishaitoa kwenye sufuria inafaa.