Ikiwa umaskini ndio chanzo cha uhalifu, mbona maskini wengi hawaibi?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimeanza kusoma kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na vyanzo vyake, na nimekwama mapema. Kila nadharia inaelekea kuibomoa iliyoitangulia: Beccaria, mwaka 1764, anamwona mhalifu kuwa mtu mwenye akili timamu anayepima faida na hasara, Lombroso, mwaka 1876, anadai kuwa wapo wanaozaliwa wahalifu, Merton, mwaka 1938, anaitupia jamii lawama. Kinachonitatiza zaidi ni umaskini. Kama dhiki ndiyo chanzo, mbona maskini walio wengi hawaibi, na mbona wenye mali wanaiba? Je, nichague nadharia moja na kuitetea?

Jibu la kwanza

Usichague bado, kwa sababu hao watatu hawajibu swali moja. Beccaria alikuwa akipinga mateso na adhabu za kikatili, na hoja yake kwamba uhakika wa kuadhibiwa huzuia uhalifu kuliko ukali wa adhabu ingali na nguvu hadi leo. Lombroso mpite haraka: Charles Goring alipima wafungwa wa Uingereza wapatao 3,000, na katika kitabu chake cha 1913 akaonyesha kwamba umbile la pekee la mhalifu wa kuzaliwa halipo.

Merton ndiye wa kusomwa polepole, maana wengi humsingizia. Hakusema kwamba umaskini peke yake huzaa uhalifu. Alisema shida huanza pale jamii inapomfundisha kila mtu kwamba kufanikiwa ni kupata fedha, ilhali njia halali za kuzipata zimefunguliwa kwa baadhi tu. Hata hapo, anayevunja sheria ili alifikie lengo hilo ni mmoja kati ya aina tano za watu anaowataja: wengine huendelea kutii, wengine hufuata kanuni kwa mazoea ingawa wamekwisha kulikatia tamaa lengo lenyewe, wengine hujitenga na jamii, na wengine hutaka kuibadili. Kwa hiyo maskini asiyeiba hampingi Merton hata kidogo.

Jibu la pili

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila tajiri mwizi bado hajajibiwa. Msome Edwin Sutherland, ambaye mwaka 1939 alizungumzia uhalifu unaofanywa na watu wenye hadhi kupitia kazi zao. Aliwalaumu wenzake kwa kujenga nadharia juu ya kumbukumbu za mahakama na magereza, ambamo wakubwa hawaonekani, kisha wakahitimisha kwamba uhalifu ni jambo la maskini. Kwake yeye, uhalifu hufunzwa katika kundi la watu wa karibu, na kinachofunzwa si mbinu tu bali pia visingizio vya kuihalalisha. Hapo mhasibu na kibaka wanasoma somo moja, kila mmoja kwa walimu wake.

Travis Hirschi, mwaka 1969, aligeuza swali lenyewe: tusiulize kwa nini baadhi huvunja sheria, tuulize kwa nini wengi huitii. Jibu lake ni mafungamano ya mtu na wazazi, shule na kazi. Binafsi naona swali lake ni bora kuliko jibu lake.

Jibu la tatu

Wote mnamtazama mhalifu, wala hakuna aliyelitazama tukio. Cohen na Felson, mwaka 1979, walianza na kitendawili kinachomhusu muulizaji: Marekani ya miaka ya 1960 ilishuhudia umaskini ukipungua huku uhalifu ukiongezeka. Maelezo yao ni kwamba uhalifu huhitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja, yaani mtu mwenye nia, kitu kinachofaa kulengwa, na kukosekana kwa mlinzi. Watu wengi zaidi walishinda kazini na kuacha nyumba tupu, na vyombo vya thamani vilikuwa vyepesi kubebeka kuliko zamani. Udhaifu wao ni kwamba nia ya mhalifu wameichukulia kuwa ipo tayari, bila kuuliza ilikotoka. Na hapo ndipo Merton na Sutherland wanapohitajika tena.