Eti biriani yangu "YALIKA"

mpishi_kibokoni:
Admin usiifunge hii mpaka hasira zinishuke. Yule mtu nyote mwamjua, yule yule asokosa karamu kuanzia Mji wa Kale mpaka Mikindani, leo kaja kwangu kala biriani yangu kafuta vidole kaniangalia usoni kasema "yalika", yaani yaweza kulika tu. YALIKA! Jamani, biriani huambiwa yalika? Yalika ni muhogo uliolala. Yalika ni uji wa hospitali, mgonjwa hana hiari. Mimi nyama nimeilaza na mtindi na tangawizi na thomu na papai bichi usiku kucha, vitunguu nimevikaanga mwenyewe mpaka vikawa vyavunjika vikiguswa, zafarani nimerowesha na bei ya zafarani pale Marikiti mwaijua, ukiuliza muuzaji akutizama kwanza viatu. Rojo limetoa mafuta juu, wali wasimama punje punje, halafu mtu arudia sahani, ARUDIA, anyonya mfupa mpaka mfupa wenyewe waomba msamaha, ndo aseme yalika??

Angesema "si mbaya" ningenyamaza. Si mbaya hapa kwetu yategemea sauti, mtu akiivuta ile "si mbayaaa" ushasifiwa, nenda kalale. "Si haba" pia ningepokea. "Tumeshiba alhamdulillahi" haisemi chochote kuhusu ladha lakini ni adabu. Sasa yalika! Na ile namna alivyosema, mdomo upande, jicho kwenye sinia, mkono tayari watafuta kiazi. Mkono watafuta kiazi, mdomo wasema yalika! Mavyaa kasikia. Watoto wasikia. Mpaka jirani wa ghorofa ya tatu kaniuliza kwani kulipikwa nini.

shangazi_tudor:
😂😂 Nimemjua kabla sijafika katikati. Harusini kwetu alimtizama bi harusi juu chini akasema "afaa".

bahari_kuu:
Nani huyo? Nitumie inboksi

shangazi_tudor:
@bahari_kuu wewe waishi Mombasa hii hii kweli?

mtu_wa_likoni:
Dada usikasirike nauliza tu. Na kama kweli ilikuwa yalika?

mpishi_kibokoni:
@mtu_wa_likoni wewe subiri feri huko huko. Hukualikwa.

mtu_wa_likoni:
Mtu karudia sahani washika neno moja. Sahani ndo jibu, au wataka na cheti?

mpishi_kibokoni:
Nataka aseme TAMU. Herufi nne. Yalika ina sita, kajitaabisha kwa makusudi!

kanzu_fupi:
Afadhali wewe chako kimeliwa. Fundi wangu kanishonea kanzu ya Idi mkono mmoja wafika kwenye vidole mwengine umeishia hapa kwenye saa, nalalamika aniambia "ukishaivaa haionekani". Ukishaivaa! Kwani nataka kuibeba kwa hanga?

boda_bamburi:
Huyo fundi ndugu yake ndo atengeneza pikipiki yangu. Namwambia breki hazishiki, agonga kidogo na spana, "itakusukuma mpaka Mtwapa hiyo". Bro mi naenda Kilifi.

mama_grade4:
Hamjaletewa ripoti nyinyi. Wangu kaandikiwa "anakaribia matarajio". Akaribia akitokea wapi?? Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, kabla haijaisha 2023, alama ni juu ya 500, ukipata 210 ni 210, unalia unakwenda kulala mambo yameisha. Sasa ni kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia, na chini ya matarajio. Namuuliza mwalimu hiki kukaribia ndo nini haswa, nimpige fimbo au nimnunulie aiskrimu? Aniambia "mama, si vibaya".

mwalimu_mstaafu:
Mama, sisi tulikuwa twaandika "Wastani. Ajitahidi." Mzazi akisoma ajua kwamba mtoto ni mvivu na mwalimu ni mstaarabu. Haya ya matarajio hata sisi walimu tulipewa semina tukatoka tumekaribia.

kanzu_fupi:
😂😂😂 tumekaribia

mpishi_kibokoni:
Samahani, huu uzi ni wa BIRIANI

mzee_kofia_kisauni:
Nilikuwa kimya lakini nimesoma mara ya pili. Biriani na kiazi? Kiazi chatafuta nini humo?

shangazi_tudor:
Mzee usianze. Biriani bila kiazi ni mchuzi wa nyama ulopoteza njia.

mzee_kofia_kisauni:
Kiazi ni cha pilau. Na hata kwenye pilau ni kujaza sufuria tu wageni wakizidi.

bahari_kuu:
Mzee anena kweli

boda_bamburi:
Mzee apigiwe kura ya kutokuwa na imani. Kiazi cha biriani kikishanyonya rojo mimi nyama naweza kuwaachia

mtu_wa_likoni:
Kwetu twatia na mayai

shangazi_tudor:
Mayai??? Admin mtoe huyu

mpishi_kibokoni:
Naona hakuna hata mmoja anijibu mimi

mzee_kofia_kisauni:
Binti, ulipoweka kiazi ulitaraji nini?

mama_grade4:
Jamani mkimaliza na viazi, kuna mtu ajua mwalimu wa tuisheni ya hesabu upande wa Bombolulu? Awe mkali kidogo

kanzu_fupi:
Yuko mmoja nyuma ya msikiti, lakini hafundishi Ijumaa na adai pesa kabla

mama_grade4:
Nitumie namba inboksi