Mbwa wa makao wanahara damu, kipimo cha parvo kinasema hasi. Tutafute virusi vipya?

Mlinda_Makao
Wadau, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaoelewa magonjwa ya mbwa. Makao yetu yako upande wa Ruai, Nairobi, mbwa 31, na kati yao 12 hawajafika miezi mitano. Tangu Jumamosi wadogo saba wanahara, watatu kati yao damu tupu, wawili wanatapika povu la manjano. Wakubwa wawili kinyesi kimelegea lakini wanakula. Mdogo mmoja amekufa jana usiku.

Tumepima wanne kwa kile kipimo cha haraka cha parvo (kirusi kinachowaharisha mbwa damu), wote hasi. Wakubwa wana chanjo kamili. Wadogo wengine wamepata moja, tena wiki iliyopita, wengine hawajapata kabisa. Sakafu ni simiti, uwanja wa kukimbilia ni udongo, maji tunaletewa na bauza.

Sasa tumeambiwa kuna virusi vipya vya matumbo, sirkovirusi na wenzake, na kwamba tupeleke sampuli zikapimwe virusi vyote kwa mpigo. Pesa iliyopo inatosha jambo moja: hicho kipimo, au chanjo na vifaa vya usafi. Tuanze na lipi?

Dkt_wa_Uthiru
Pole kwa huyo mdogo. Anza na chanjo na usafi, na hao wote wahesabu kuwa na parvo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimo hasi kisikutulize.

Agosti 2022 kaskazini mwa Michigan, Marekani, mbwa walikufa wakihara na kutapika, vipimo vya haraka vikasema hasi, na magazeti yakaandika kuhusu ugonjwa usiojulikana. Maabara zilipochunguza kwa undani ilikuwa parvo ileile ya siku zote, na waliougua hawakuwa na chanjo kamili. Hapa Nairobi naona njia hiyohiyo inafunguka kwenye uzi huu.

Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kirusi kwenye kinyesi. Kinakosa kwa sababu tatu. Umepima mapema mno au umechelewa, kwa kuwa kirusi hutoka kwa wingi kwa siku chache tu. Au mbwa anahara maji matupu na kirusi kimezimuliwa. Au kingamwili ndani ya utumbo zimekishika kirusi, kipimo hakikioni. Rudia kwa walewale baada ya saa 24 hadi 48, na ufito wa pamba wa kuchukulia sampuli uuzungushe ndani ya puru. Usichote maji yaliyotuama sakafuni.

Kuna kipimo cha bei nafuu ambacho watu hukisahau: hesabu ya seli nyeupe za damu. Parvo hushambulia uboho, yaani mahali zinapotengenezwa seli za damu, na seli nyeupe zinaporomoka. Mdogo anayehara damu, kipimo hasi, seli nyeupe chini: mtibu kama parvo, usingoje karatasi.

Maabara_Kimya
Naongezea upande wa hivyo virusi vipya, maana jina jipya linatisha kuliko inavyostahili.

Parvo ya mbwa yenyewe ilikuwa mpya mwaka 1978, ikazunguka dunia, kisha ikabadilika: 2a, 2b, halafu 2c iliyoonekana Italia mwaka 2000. Chanjo zilizopo bado zinakinga aina zote hizo. Baadaye vipimo vya kusoma vinasaba vilipokuwa rahisi, watafiti wakaanza kukuta virusi kila walipochungulia kinyesi cha mbwa: norovirusi mwaka 2007, kobuvirusi 2011, sirkovirusi 2012. Astrovirusi ilikuwa imeshaonekana tangu 1980. Korona ya matumbo ya mbwa ni ya zamani zaidi, na aina yake moja ilihusishwa na mlipuko wa kutapika Uingereza mwanzoni mwa 2020. Hiyo ni korona ya mbwa, usiichanganye na ya watu.

Shida ni kwamba vingi kati ya hivi hupatikana pia kwa mbwa wazima wasio na dalili yoyote. Sirkovirusi hasa: mara nyingi anayeugua vibaya anakutwa nayo pamoja na parvo, kwa hiyo huwezi kusema ni nani aliyeua. Ukipima wagonjwa peke yao ukapata sirkovirusi, umelipia jina, hujapata sababu. Kipimo chenye maana kinahitaji wagonjwa na wazima kutoka mabanda yaleyale, wa umri mmoja, idadi inayokaribiana.

Ushauri wangu: chukua sampuli leo, amua kuhusu pesa baadaye. Kinyesi gramu 2 hadi 5, chombo safi kikavu chenye mfuniko wa kuzungusha, usitie formalini, usitie spiriti. Andika namba ya mbwa, tarehe, siku ya ngapi tangu aanze kuhara, na tarehe ya chanjo. Gawa mara mbili: moja kwenye kasha la barafu iende maabara ndani ya saa 24, nyingine kwenye friza. Fanya hivyo kwa wagonjwa watano na wazima watano. Friza inayozimika kila umeme ukipotea inaua sampuli. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoziharibu.

Halafu tarehe ya chanjo usiiache. PCR, yaani kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, inakamata hata kirusi cha chanjo, na mdogo aliyechanjwa wiki iliyopita anaweza kutoka chanya bila ugonjwa. Tanguliza wasiochanjwa, na uliza maabara kiasi cha kirusi, si ndiyo au hapana tu.

Dkt_wa_Uthiru
Hilo la tarehe ni muhimu. Na yule aliyekufa, kama mzoga bado upo, usiugandishe. Uweke juu ya barafu upelekwe Kabete leo, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi au maabara kuu ya mifugo ya serikali. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea na kama vitendanishi vya PCR vipo. Utumbo huoza haraka sana. Ikipita siku moja kwenye joto, hakuna cha kusoma kwenye darubini. Mzoga mmoja uliopasuliwa vizuri utakueleza zaidi ya vipimo kumi vya haraka.

Kaka_wa_Kayole
Sisi mtaani dawa ni maziwa na kitunguu saumu kilichopondwa, na banda unaosha na Dettol. Mbona mnajisumbua?

Dkt_wa_Uthiru
Kaka, kwa heshima: kitunguu saumu huvunja seli nyekundu za damu za mbwa, na huyu tayari anapoteza damu. Maziwa yanamzidishia kuhara. Dettol hebu msikie fundi.

Fundi_wa_Mabanda
Dettol haiui parvo. Hata zile dawa za sakafu zenye harufu ya maua nyingi hazifanyi kitu, kwa sababu kirusi hiki hakina utando wa mafuta wa kuyeyushwa. Sirkovirusi, astrovirusi, kobuvirusi na norovirusi navyo havina. Korona ndiyo yenye utando, na hiyo hata sabuni inaimaliza. Ukisafisha kwa kiwango cha parvo, umewasafisha wote bila kujua majina yao.

Utaratibu. Toa mbwa, toa matandiko. Kinyesi kiokote kikiwa kikavu, usikisukume kwa mpira wa maji maana kinaruka hadi banda la pili. Osha kwa maji na sabuni ya unga, sugua kwa burashi, hasa kwenye nyufa za simiti na pembe za chini. Suuza. Subiri maji yaondoke. Hapo ndipo Jik inaingia, si kabla. Klorini ikikutana na uchafu inamalizikia kwenye uchafu, na ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho na mapafu.

Kipimo: soma lebo. Kama ni asilimia 3.5, lita 1 ya Jik na lita 19 za maji, yaani ndoo moja ya lita 20. Kama ni asilimia 5, mililita 700 zinatosha kwenye ndoo hiyohiyo. Sakafu ikae imelowa dakika 10 kamili. Juani simiti inakauka mapema, mwagia tena. Kisha suuza, kausha, rudisha mbwa. Changanya mpya kila siku, na usinunue ile ya kupimiwa kwenye chupa za soda, huwezi kujua nguvu yake.

Vyuma vikianza kuliwa na kutu, tumia Virkon S, dawa ya unga ya kuua virusi, kwa asilimia 1, gramu 10 kwa lita, ipo kwenye agroveti za wafugaji wa kuku.

Beseni la kukanyagia mlangoni msilitegemee. Baada ya watu watatu ni tope lenye harufu ya klorini. Kila eneo liwe na gambuti zake, koleo lake, ufagio wake. Pakeni rangi tofauti. Kazi ianzie kwa wadogo wazima, kisha wakubwa wazima, kisha waliokaa na wagonjwa, wagonjwa mwisho, na aliyemaliza kwa wagonjwa harudi nyuma siku hiyo.

Mlinda_Makao
Asanteni sana. Mzoga tunaupeleka sasa hivi. Maswali mawili: chanjo tuwape hata walio kwenye banda lenye ugonjwa? Na hatuwezi kuwalaza wagonjwa wote kliniki, tutibuje hapa?

Dkt_wa_Uthiru
Chanjo ndiyo, leo, kila asiye mgonjwa kuanzia umri wa wiki 4, iwe ya kirusi hai kilichodhoofishwa. Rudia kila baada ya wiki 2 mpaka mdogo afikishe umri wa wiki 20 kwa mlipuko kama huu. Sababu ya kurudia ni kingamwili za mama: zikiwa juu zinaimeza chanjo, na kila mdogo zinamwisha kwa wakati wake. Ndiyo maana yule mwenye sindano moja usimhesabu kuwa amekingwa. Kuanzia sasa anayeingia achanjwe getini, si baada ya kuzoea.

Chupa ikae nyuzi 2 hadi 8. Mtu akiibeba mfukoni kwenye matatu kutoka mjini hadi Ruai, mmechanja maji. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, na mdogo apate dozi nzima, haigawanywi kwa uzito. Chanjo ya korona achana nayo. Ya sirkovirusi haipo. Kwa hiyo hata hicho kipimo kikubwa kikija na jina jipya, sindano utakayochoma ni hiihii.

Matibabu yawe chini ya daktari atakayefika kila siku. Aliyelegea kabisa, aliyepoa mwili, au asiyeweza kusimama apelekwe kliniki kwa dripu ya mshipa, maana maji ya chini ya ngozi hayafyonzwi mwili ukishapoa. Wengine wanaweza kutibiwa hapo kwa mpango uliojaribiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado: mililita 30 za maji ya dripu kwa kila kilo chini ya ngozi kila saa 6, sindano moja ya antibayotiki ya muda mrefu, na maropitanti miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku kuzuia kutapika. Waliotibiwa hivyo walipona asilimia 80, waliolazwa asilimia 90. Mdogo wa kilo 4 ni mililita 120 kila mara. Gawa sehemu mbili au tatu za mgongo, maji yawe vuguvugu. Usitumie dripu ya glukosi ya asilimia 5 chini ya ngozi. Sukari ikishuka, yaani anatetemeka au amezubaa, mpake mililita 1 ya asali kwenye fizi na umpigie daktari.

Kula wasingoje kuhara kuishe. Kuku wa kuchemshwa na wali laini, kijiko kimoja kila saa 4 hadi 6, hata kama anatapika kidogo. Utumbo mtupu unapona polepole.

Maabara_Kimya
Msisahau minyoo ya safura na giadia (kijidudu cha utumbo), vinaleta damu na ute vilevile, na kipimo chake ni darubini tu.

Dkt_wa_Uthiru
Kweli. Dawa ya minyoo ya fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo, siku tatu mfululizo, tano kama giadia ipo. Angalieni nguvu ya chupa, kwa sababu za ng'ombe na mbuzi haziko sawa: ya asilimia 10 ni nusu mililita kwa kilo, ya asilimia 2.5 ni mililita 2 kwa kilo. Albendazoli msiwape, inaweza kudhoofisha uboho ambao parvo tayari imeushambulia.

Mlinda_Makao
Sawa kabisa. Tufungue kupokea mbwa lini? Na kuna watu wa mtaa wa Umoja wamejitolea kuwachukua wadogo wazima nyumbani ili tupunguze msongamano.

Fundi_wa_Mabanda
Waliokaa na wagonjwa wasiende Umoja kwanza. Mbwa huanza kumwaga kirusi kabla ya kuhara, kwa hiyo mzima wa leo anaweza kuacha ugonjwa kwenye kapeti ya mtu. Hesabu siku 14 tangu mgonjwa wa mwisho atengwe. Asipoongezeka mwingine na mabanda yakishaoshwa kwa utaratibu ule mara mbili, pokeeni.

Udongo wa uwanja hauoshwi kwa Jik, msipoteze pesa. Okoteni kinyesi, fyekeni nyasi jua lipige, na wadogo wasikanyage pale kwa mwaka mzima. Wakubwa wenye chanjo kamili wanaweza kuutumia. Kama nafasi ni hiyo tu, mwageni zege kona moja ya mita 3 kwa 3 yenye mteremko kuelekea mtaro, iwe ya wadogo peke yao.